Mayai ya Dimbwi la Mkasu

1

Jumamosi asubuhi, akishaosha vyombo na kufukuza kuku wa jirani kwenye mchicha wake, Gaudensia Ngalipa alitandaza gazeti la zamani juu ya meza ya kulia, akamwaga juu yake konzi moja ya nyuzi za makumbi ya nazi kutoka kwenye mfuko wa nailoni, akavaa miwani ya kusomea juu ya miwani yake ya kawaida, akaanza kutafuta macho.

Ni macho kweli aliyokuwa akiyatafuta. Yai la samaki wa msimu ni dogo kuliko punje ya ulezi, na likiwa changa huonekana kama tone la mafuta. Halina haraka hata kidogo. Wazazi wake waliishi mvua moja tu, dimbwi likakauka wakafa wote, nalo likabaki ndani ya tope lililopasuka, likisubiri. Katika safari yake ya kuwa samaki hujisimamisha mara tatu. Kila likisimama, moyo hupunguza mapigo mpaka unakaribia kukoma, na linaweza kukaa hivyo wiki au miezi, lenyewe ndilo linalojua. Mengine hukaidi hata mvua ya kwanza ikinyesha, yakangoja ya pili. Mwishoni kabisa hutokea macho mawili meusi yenye duara la dhahabu. Duara likikamilika, limwagie maji, na kabla chai yako haijapoa utaona vitoto vinaogelea.

Ukimwagia kabla duara halijakamilika, watatoka vilevile, na hilo ndilo baya lenyewe. Watatoka wazima, watakula, watakutazama ukipita, ila hawataweza kuinuka. Watajikokota kwa tumbo chini ya tangi mpaka wafe. Wafugaji huwaita watambaazi, na hakuna mfugaji anayependa kulitaja neno hilo mbele ya mgeni.

Mwaka jana Gaudensia alipata watambaazi tangi zima. Redio ilikuwa imetangaza kwamba dawa ya uboho, ugonjwa uliomlaza mumewe Egidi, inakaribia, basi moyo ukamtangulia. Alitazama yale macho, akaona duara limefika robo tatu, akajiambia yanatosha, akaumwagia maji mfuko mkubwa. Mwanamke mwenye miaka yote ile katika kazi hii, aliyewakemea vijana wangapi kwa kosa hilohilo. Alichobaki nacho ni mfuko mdogo, wa akiba, ambao sasa ulikuwa mezani. Na hakukuwa na mfuko mwingine duniani, kwa sababu dimbwi la Mkasu, kule Ifakara, walikotoka samaki hawa, lilishafukiwa zamani na juu yake kulikuwa na miwa.

Alilikuta yai lenye jicho, akaliinamia. Duara la dhahabu lilikuwa zima. La pili vilevile. Hapo ndipo simu ilipoita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Egidi kafa?"

"Siku moja na mimi utaniuliza nimeamkaje," alisema Dokta Nsajigwa, kijana wa Tukuyu ambaye hata habari za moto angezitoa polepole. "Hajafa, mama. Dawa imefika."

Gaudensia alikaa. Bahati yake kiti kilikuwa karibu.

"Ipi?"

"Ya uboho. Imeshaponya watu, nimewaona mwenyewe kwa macho yangu. Tukimwamsha mzee tutamtibu, atarudi nyumbani kwake."

"Halafu? Maana nasikia kuna kitu unakimeza."

"Njoo Jumatatu, mama. Tuongee tukionana."

2

Kituo cha Kiangazi kilikuwa nje kidogo ya Morogoro, upande wa Kihonda, jengo refu la bati jeupe lililonuia kufanana na hospitali likaishia kufanana na ghala la tumbaku. Ndani kulikuwa kukavu kiasi kwamba mgeni alitoka midomo imepasuka. Walala walipangwa kwenye vijumba vya kioo, ukuta mzima, kila mmoja na jina lake, ugonjwa wake, na jina la dimbwi lake.

Walala hao walikuwa watu waliolazwa kiangazi kwa sababu madaktari hawakuwa na cha kuwafanyia. Ukamuaji wa mayai ya samaki wa msimu ulitoa utomvu uliouambia mwili ufanye kama yai: kauka, punguza, subiri. Mtu akapungua mpaka akawa na uzito wa begi la nguo. Utomvu wa mayai yaliyoiva, yenye macho, ndio uliomwamsha. Tatizo lilikuwa moja, na lilijulikana walipokwisha kulazwa watu wengi. Mwili uliolazwa kwa utomvu wa dimbwi moja haukusikia utomvu wa dimbwi jingine. Aliyelazwa kwa Mkasu ataamka kwa Mkasu tu. Samaki nao hawakukubali maabara, walikataa kutaga wakiona taa za kule. Ndiyo maana ukoo wa kila dimbwi uliachwa mikononi mwa wafugaji wa majumbani, watu wenye matangi yao ya kioo sebuleni na subira zao.

Egidi ndiye aliyeanza kufuga. Ujana wake wote aliuchezea kwenye madimbwi ya Kilombero, suruali imekunjwa hadi gotini, na wavu alioushona kwa chandarua. Yeye ndiye aliyeuleta ukoo wa Mkasu mjini kwenye dumu la mafuta ya kula. Hawakujaliwa watoto, akazoea kusema watoto wao wana mapezi. Ugonjwa ulipomfikisha pabaya, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha kituo hicho hicho na gauni la wagonjwa lililomwacha magoti nje, alimwambia mkewe, "Gau, ikifika mahali pa kuchagua, usinichague mimi. Chumvi niliyokula inatosha." Naye akamjibu anyamaze, alale.

Sasa alikuwa nyuma ya kioo, mdogo, wa kahawia, kinywa kimekaa kama cha mtu anayetaka kutania.

"Anakauka kuliko tulivyotarajia," alisema Dokta Nsajigwa. "Sitakuficha. Msimu huu ndio wa mwisho kwake. Tukisubiri mwakani tutaamsha ngozi, mama."

"Unataka mayai kiasi gani?"

"Kijiko cha chai. Kilichojaa, mayai matupu bila makumbi, yote yawe na macho."

"Ninacho kijiko kimoja," alisema Gaudensia. "Nikiukung'uta mfuko."

Dokta alitazama viatu vyake. Alijua yaliyompata mwaka jana, ni yeye peke yake aliyeambiwa. "Kisheria mtunza ukoo ndiye anayeamua. Mimi siwezi kukushauri. Ningekuwa naweza nisingejua nikushauri nini."

"Na yule mwingine?"

Hakuhitaji kumtaja. Walala wa Mkasu walibaki wawili tu. Kwenye kijumba cha nne kutoka kwa Egidi alilala Shamimu, aliyelazwa akiwa na miaka tisa, mapafu yanageuka jiwe. Dawa ya mapafu yake haikuwa imepatikana, na dokta alisema huenda ikachukua miaka kumi. Mtoto hukauka taratibu, angeweza kuingoja. Lakini ingepatikana, na ukoo wa Mkasu ukawa umekwisha, angekuwa na dawa ya kumponya bila kitu cha kumwamsha.

Mama yake alikuwepo. Mwajabu alikuja kila Jumatatu, siku ambayo saluni yake ilifungwa, akafuta kioo kwa pindo la khanga hata kama wahudumu wameshakifuta. Alipomwona Gaudensia alitabasamu.

"Shikamoo dada. Umekuja kumwona shemeji?"

"Marahaba, Mama Shamimu. Nimekuja kumchungulia."

"Tazama hayo mabutu," alisema Mwajabu, akionyesha nywele za mwanawe. "Nilimsuka asubuhi ile ile. Nikamwambia, mwanangu, hizi nitakufumua mwenyewe ukiamka. Mpaka leo hazijachakaa. Wateja wangu wangekuwa na nywele kama hizi, ningekufa njaa."

Alicheka mwenyewe. Gaudensia naye alicheka, maana kutocheka kungeonekana.

3

Alijipa wiki moja ya kuamua, na wiki ile haikumsaidia lolote.

Alipiga hesabu kama mfugaji. Akiyamwagia maji mayai yote, atapata samaki, labda wa kutosha. Ukoo ulikuwa umechoka, ndugu wamezaana na ndugu kwa miaka, baadhi yao walishaanza kuzaliwa na mgongo wa kibiongo. Hata hivyo ukiwalisha vizuri na ukapata majike mazuri, ndani ya misimu miwili mitatu mfuko mkubwa ungerudi. Shamimu angekuwa na pa kuamkia. Egidi angekuwa amekwenda.

Akayapiga tena kama mke, na hesabu ikatoka nyingine. Dawa ilikuwepo leo. Ya Shamimu haikuwepo, huenda isiwepo kabisa. Kumwacha mtu anayepona afe kwa ajili ya mtoto ambaye huenda asipone, hilo nalo lingeitwaje? Alilijibu swali hilo kila asubuhi na kila asubuhi jibu lilikuwa tofauti na la jana. Aliwachukia waliogundua utomvu, akawachukia wenye miwa, akamchukia hata Egidi kwa kusema lile neno la chumvi na kulala usingizi wake.

Mwajabu alikuja Alhamisi, mchana, kati ya mteja na mteja, mikono inanukia mafuta ya nywele. Alitaka kuyaona macho. Alikuwa akija kuyaona kila msimu, kama wengine wanavyokwenda kuonyeshwa mtoto aliyezaliwa. Gaudensia alimpa kioo cha kukuzia, akamsogezea yai kwa ncha ya unyoya wa kuku.

"Haa," alisema Mwajabu kwa sauti ndogo. "Linanitazama."

"Limeiva."

"Na yote yako hivi?"

"Mengi."

Alikuwa amepanga kumwambia siku ile. Alishatafuta na maneno. "Mama Shamimu," akaanza, "hivi ingekuwa..."

"Unajua, dada, watu saluni wananiuliza nawezaje kulala," alisema Mwajabu, bado ameinamia yai. "Wananiambia niende kwa fulani, nikaombewe kwa fulani. Mimi nawaambia yangu nimeyaweka kwa dada Gaudensia. Sina wasiwasi. Nikiwaza sana nakumbuka huu mfuko, nalala." Akainua uso. "Ulikuwa unasema?"

"Nilitaka kukuuliza kama utakunywa chai."

Akanywa chai. Gaudensia alimtazama akipuliza kikombe, akajitetea moyoni kwamba kumuuliza kungekuwa ukatili. Angesema nini? Mtu aliyemwekea imani yote namna ile angeinua mikono na kusema, mwamshe mumeo, dada, Mungu yupo. Kumuuliza kungekuwa kumlazimisha kuwa mwema. Hoja ilikuwa nzuri na ilimwacha akiwa na uhuru wa kufanya alichokwisha kukitaka, ndiyo maana hakuiamini hata wakati ule.

4

Siku ya kukamua aliamka akayachekecha makumbi kwa chujio la chai, kidogo kidogo, akayakusanya mayai kwenye kisahani. Yalijaa kijiko sawasawa, kana kwamba mtu alipima. Akayatazama. Kisha vidole vyake viwili, cha gumba na cha shahada, vikashuka, vikachukua mfinyo mdogo wa mayai, vikaurudisha ndani ya makumbi. Hakuvituma. Au alivituma, hata baadaye hakuwa na uhakika.

Dokta Nsajigwa aliweka mayai kwenye mizani. "Pungufu kidogo, mama."

"Ndiyo yote."

Alimtazama muda ambao ulitosha kumjua mtu. "Basi tumwombe Mungu yatoshe," akasema, akayaingiza kwenye kinu.

Uamshaji ulichukua siku tatu za mvuke na matone. Kwanza ngozi ilirudi kuwa ngozi. Kisha midomo ikapata rangi. Gaudensia alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba akisikia vyuma vikilia, akisali, na katikati ya sala akihesabu kwa vidole ule mfinyo ulikuwa na mayai mangapi, akikosea na kuanza upya. Siku ya tatu, jua likiwa limeshapanda, wakamwita.

Egidi alikuwa amefumbua macho. Aliyazungusha chumbani, yakamfikia mkewe, yakakaa hapo.

"Umezeeka," alisema.

"Wewe ulikuwa umelala, mimi nilikuwa nafanya kazi."

Akacheka, kikohozi kikamkata. Gaudensia aliushika mkono wake, ulikuwa na joto, akalia bila kujificha kwa nesi wala kwa dokta. Kwa muda ule hakujuta chochote, na ni haki isemwe hivyo.

"Samaki hawajambo?" aliuliza Egidi.

Gaudensia alimvutia shuka. Ndipo mzee alipojaribu kujiinua aketi, na kiwiliwili kikaja, na mikono ikaja, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakukuja kitu. Akajaribu tena. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Dokta Nsajigwa alimwelezea Gaudensia nje, karibu na bomba. "Amri ya kuamka ilifika nusu ya mwili ikaishiwa nguvu. Uboho utapona, ataishi miaka yake. Miguu sidhani." Alifungua bomba, akalifunga bila kunawa. "Ingekuwa na nguvu kidogo tu zaidi."

Kidogo kiasi gani, Gaudensia alijua kuliko mizani yao.

5

Alimweka Egidi kitandani sebuleni, mkabala na matangi, kwa sababu ndipo alipotaka kuwa. Matangi yote yalikuwa makavu, hata lile dogo la mwisho, karibu na dirisha. Vuli ilikuwa imeanza kupiga bati siku alipomwambia yote: watambaazi wa mwaka jana, kijiko, Shamimu, mfinyo. Aliongea akimenya viazi ili awe na pa kutazama.

Egidi alingoja viazi viishe.

"Kwa hiyo ungemaliza kijiko, ningekuwa na miguu," alisema. "Na ungeniacha, yule mtoto angekuwa na ukoo. Wewe ukaenda kukaa katikati. Gau, ulikuwa unamtaka nani?"

"Niliwataka wote."

"Nilikuambia usinichague."

"Uliniambia ukiwa unalala, Egidi. Ni rahisi kusema ukiwa unalala."

Baadaye Egidi alimwomba amsogezee lile tangi dogo, akamwelekeza kumimina maji ya mvua, sio ya bomba, kana kwamba hakuwa akifanya hivyo miaka yote. Gaudensia alimwacha amwelekeze. Wakayaweka makumbi yenye ule mfinyo, wakangoja. Vikatoka vitoto vitano, vyembamba kama kope, na hakuna hata kimoja kilichotambaa.

Mwajabu alipopata habari kwamba Egidi ameamka, alikuja na khanga mpya na keki iliyochangiwa na saluni nzima. Aliishika mikono ya Egidi akaipapasa kama kitambaa dukani. "Shemeji, sasa nimeamini," alisema. "Wewe umeamka, na wangu ataamka." Kuhusu miguu alisema Mungu atajalia. Alipoona vitoto vitano, hakuuliza kwa nini ni vitano. Aliuliza wanakula nini, na kesho yake akaja na kopo la viluwiluwi vya mbu alivyovichota kwenye matairi ya gereji ya jirani yake. Akaja na kopo hilo kila siku mbili.

Kila alipoondoka Egidi alimtazama mkewe, na Gaudensia alisema, "Tusubiri kwanza tuone."

Cha kusubiri kilikuwa rangi. Samaki wa Mkasu wakiwa wadogo wote ni kijivu, kama maji yaliyooshewa dagaa. Jike hubaki hivyo maisha yake yote. Dume likikua hugeuka buluu mwilini na mkia wake hushika wekundu mkali, mtu asiyejua akaapa limepakwa. Kwa hiyo walikaa mbele ya tangi mume na mke, kila asubuhi, wakiombea ubaya. Walitaka angalau mmoja abaki kijivu.

Wa kwanza alipata wekundu, wakasema sawa, dume lazima awepo. Wa pili akapata. Wa tatu na wa nne wakapata kwa pamoja, wakaanza kutunishiana mapezi na kufukuzana, wazuri ajabu. Wa tano alichelewa, wakampa jina la Mama, na siku Mama alipotoa doa jekundu kwenye mkia, Gaudensia aliingia jikoni akasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

"Bado kuna wakaidi," Egidi alimwita kutoka kitandani. "Gau. Rudi. Kausha makumbi, uyamwagie tena."

Waliyakausha, wakayaacha yalale kidogo, wakayamwagia maji. Alitoka mmoja. Alikuwa amekataa mvua ya kwanza na kungoja ya pili, sawasawa na tabia ya ukoo wake, na walimweka peke yake kwenye bakuli la kioo ili wale wakubwa wasimle. Akakua polepole. Alikuwa mdogo, mnene kidogo tumboni, kijivu kabisa. Wiki zikapita, akabaki kijivu. Gaudensia alianza kulala. Egidi alianza kuchekesha, akisema akishaolewa na madume matano atahitaji mahakama. Kwa mara ya kwanza wakapanga maneno ya kumwambia Mwajabu, ukweli wote, kwa sababu sasa ungekuwa na mwisho wa kuweza kusikilizwa: tulikukosea, lakini tazama, jike huyu hapa.

Walikubaliana wamwambie Jumatatu, akitoka kituoni.

Jumatatu ile Gaudensia aliporudi kutoka sokoni alimkuta Egidi amegeuzia uso ukutani. Kugeuza uso kulikuwa kati ya vitu vichache alivyoweza kufanya bila msaada.

"Unaumwa?"

"Usimwache aje leo," alisema Egidi.

Gaudensia aliweka kapu chini. Hakuvaa miwani ya pili, haikuhitajika. Yule mkaidi alikuwa amesimama katikati ya bakuli akipepea mapezi, na kwenye ukingo wa mkia wake, wembamba kama uzi, kulikuwa na wekundu.

Alikuwa bado ameinama pale aliposikia hodi. Mwajabu aliingia akivua viatu, kopo mkononi, akisema kituoni leo wamemruhusu kugusa kioo cha Shamimu kwa ndani wakati wa usafi, na mabutu bado mazima. Akawasalimu, akaenda moja kwa moja kwenye bakuli kama alivyozoea.

"Na huyu amepata rangi," alisema kwa furaha. "Maskini, nilidhani atabaki hivyo hivyo na sura ya dagaa." Akatazama bakuli na tangi, sita wote, wakimetameta kwenye mwanga wa dirisha. Miaka ya kuja mle ndani ilikuwa imemfundisha kitu kimoja viwili, kwamba bila jike hakuna mayai, ingawa si maana ya rangi. "Sasa nionyesheni, dada. Jike ndiye yupi?"

Egidi hakugeuka. Gaudensia alivuta kiti kutoka kwenye meza ya kulia, akakifuta kwa khanga ingawa hakikuwa na vumbi, akakiweka nyuma ya mgeni wake.

"Kaa kwanza, mdogo wangu."

Mwajabu alikitazama kile kiti. Kisha alimtazama aliyekileta, na tabasamu likamtoka usoni taratibu. Alilishika kopo la viluwiluwi kwa mikono miwili.

"Sema nikiwa nimesimama," alisema.

Basi Gaudensia akasema, naye amesimama, akaanzia kwenye mfuko wa mwaka jana.